Kunguru na Wimbo Wake wa "Kesho"



Leo nataka tumzungumzie ndege ambaye hana mashabiki. Njiwa ana nafasi yake kanisani: yuko kwenye kioo cha dirisha, yuko kwenye kadi za kipaimara, yuko juu ya kisima cha ubatizo. Jogoo naye anakumbukwa kila Ijumaa Kuu kwa sababu ya Petro. Lakini kunguru? Nani alishawahi kuona kunguru kwenye kanga ya WAWATA au kwenye fulana ya kwaya?

Kunguru tunamjua kwa mengine. Ni yule anayenyakua samaki pale Feri Dar es Salaam muuzaji akigeuka kidogo. Ni yule anayepasua mfuko wa taka uliofunga vizuri, akaacha uchafu mlangoni kwako. Waswahili wamemsema vya kutosha: kunguru hafugiki, wanasema, na kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Hakuna anayemsifia mchumba wake kwa kumwita kunguru. Jaribu uone.

Pamoja na hayo, Bwana wetu Yesu Kristo alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake kuhusu maisha, aliwaambia wamtafakari kunguru (Lk 12:24). Hakusema wamtazame tu. Alisema wamtafakari. Basi leo tumtii. Tumtafakari.

Ndege mwenye akili

Kwanza tumpe haki yake. Kunguru tunaowaona kwetu si wa aina moja. Yupo kunguru mwenye kifua na shingo nyeupe, ambaye utamkuta sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Yupo yule mkubwa wa milimani mwenye doa jeupe kisogoni na mdomo mnene; waliopanda Kilimanjaro wanamjua, maana huwavizia kambini ukisahau chakula nje. Na yupo mdogo kidogo, mweusi mwenye shingo ya kijivu, anayejaa mijini pwani. Huyo wa mwisho ni mgeni, tutamrudia.

Wanasayansi wamemchunguza ndege huyu wakashangaa. Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa taarifa ya kunguru jike waliyempa jina la Betty, wa jamii inayotoka visiwa vya New Caledonia. Walimwekea chakula ndani ya kindoo kidogo kilichokuwa ndani ya bomba, na waya ulionyooka. Betty akaupinda ule waya ukawa ndoano, akavuta kindoo juu, akala. Kule Seattle, Marekani, kuanzia mwaka 2006, watafiti walivaa kinyago cha sura mbaya wakati wa kuwakamata kunguru na kuwavisha pete. Baadaye kila aliyepita eneo lile amevaa kile kinyago alipigiwa kelele na kunguru. Miaka ikapita, bado wanaikumbuka sura ile. Hata wale ambao hawakukamatwa walijifunza kutoka kwa wenzao nani ni adui.

Yaani tunazungumzia kiumbe anayekumbuka, anayetumia vifaa, anayefundishana na wenzake. Hebu tuache kumdharau.

Na bado Torati inamweka kwenye orodha ya ndege wasio safi, wasioliwa (Law 11:15). Sababu unaweza kuikisia: anakula mizoga. Basi tuna ndege mwenye akili nyingi na sifa mbaya. Ukiniuliza mimi, hapo tayari ameshaanza kufanana na sisi.

Mtakatifu Augustino na sauti ya kunguru

Sasa twende kwenye sauti yake. Sisi tunasikia "kra, kra". Warumi wa kale walisikia "cras, cras". Na cras kwa Kilatini maana yake ni kesho.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Tagaste, mji ambao leo uko Algeria, na baadaye askofu wa Hippo, aliutumia mlio huo katika mahubiri yake. Aliwaambia waumini kwamba mtu anayeahirisha wongofu wake ana sauti ya kunguru. Kila akiitwa na Mungu anajibu kesho, kesho.

Augustino hakuwa anatania watu wa mbali. Katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza kwamba alipokuwa kijana alimwomba Mungu amjalie usafi wa moyo, ila asimjalie upesi. Fikiria sala hiyo! Ni kama kumwambia daktari: niponye, lakini dawa ulete mwaka kesho, kwanza niimalize starehe hii inayoniua. Alikaa hivyo miaka. Alijua ukweli, aliupenda ukweli, alibishana na watu kuutetea ukweli, na bado alisema subiri kidogo. Aliongoka mwaka 386 kule Milano akiwa na umri wa miaka 31, akabatizwa na Askofu Ambrosi usiku wa Pasaka mwaka 387.

Wapo pia wanaomheshimu Mtakatifu Expeditus, anayekumbukwa tarehe 19 Aprili. Habari za maisha yake tulizo nazo ni chache mno, lakini picha yake inasema mengi. Ni askari kijana wa Kirumi. Mkononi ameshika msalaba ulioandikwa hodie, yaani leo. Chini ya mguu wake amemkanyaga kunguru, na kwenye mdomo wa kunguru kumeandikwa cras.

Kijana, leo na kesho vinapigana juu yako. Na wewe ndiye uwanja.

Kwa nini "kesho" ni hatari kuliko "hapana"

Tuongee ukweli. Ni kijana gani Mkatoliki anayesimama mbele ya altare na kusema, "Mungu, sikutaki"? Wapo, lakini ni wachache. Wengi wetu hatumkatai Mungu. Tunamwahirisha.

Utasikia, "Nabeti wiki hii tu frateri, mkeka ukitiki naacha kabisa." Mkeka haujatiki, basi wiki ijayo. Ukitiki, ndiyo kabisa, wiki ijayo tena.

Utasikia, "Kuungama nitaungama, ila ngoja Kwaresima ifike." Kwaresima inafika, foleni ni ndefu, tunasema Majilio.

Kuna wale wenye uchumba sugu. Wameishi pamoja miaka minne, mtoto anakaribia kuanza chekechea, na kila Jumapili wakati wa Komunyo wanabaki kwenye benchi wakiangalia viatu vyao. Ukiuliza ndoa lini, jibu ni lile lile: tukipata hela ya sherehe. Kumbe kwa sheria ya Kanisa ndoa haidai ukumbi, wala keki, wala kamati ya maandalizi. Inadai watu wawili walio huru kuoana, wenye kupeana ridhaa yao mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka na mbele ya mashahidi wawili. Sherehe ni jambo jema, sikatai. Lakini miaka minne ya njaa ya Ekaristi kwa ajili ya pilau la siku moja, ndugu zangu, hesabu hiyo haikai sawa.

Na kuna yule ambaye hajaongea na baba yake tangu ugomvi ule wa shamba, au na dada yake tangu ile hela. Anasema, "Nitampigia tu, hasira zikishapoa." Misibani ndipo unapozisikia hizi kesho zikilia kwa sauti. "Nilipanga kumpigia. Jumamosi hii hii nilipanga kumpigia."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kunguru anapotushika. Mtu anayesema "hapana" anajua yuko nje. Siku moja baridi ikimzidi, atakumbuka mlango ulipo. Lakini anayesema "kesho" anaamini yuko ndani. Nia anayo, mpango anao, na dhamiri yake imelala vizuri kwa sababu imepewa ahadi. "Kesho" inamwezesha kumkatalia Mungu huku akijiona mtiifu.

Ndiyo maana Yesu alitoa mfano wa baba mwenye wana wawili (Mt 21:28-31). Mmoja aliambiwa aende shambani akakataa, kisha akajuta akaenda. Mwingine aliitikia kwa heshima zote kwamba anakwenda, asiende. Huyo wa pili alikuwa na adabu nzuri sana. Shamba halikulimwa kwa adabu zake.

Wahenga walilijua jambo hili, wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mgeni wa Unguja

Nilisema tutamrudia yule kunguru mwenye shingo ya kijivu. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Aliletwa Unguja miaka ya 1890, na aliletwa kwa nia njema: asaidie kusafisha mji kwa kula taka. Mfanyakazi wa bure, hadai mshahara, hagomi. Nani angekataa?

Alisafisha? Kidogo. Kisha akazaliana. Kisha akaanza kula mayai na makinda ya ndege wa asili, na vifaranga vya kuku vya watu. Akavuka maji akafika bara. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Dar es Salaam wamemtegea mitego, wamemwekea sumu, na bado yupo. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru hawa wapatao milioni 1. Aliyeletwa kama mtumishi, leo zinapangwa bajeti za serikali kupambana naye.

Unaona tunakoelekea? Tabia mbaya nyingi haziingii maishani mwetu kama adui. Zinaingia kama msaidizi. Pombe inakuja kuondoa uchovu wa kazi. Picha chafu kwenye simu zinakuja kuondoa upweke wa usiku. Kubeti kunakuja kusaidia kodi ya chumba. Uongo mdogo unakuja kulinda amani ya nyumbani. Na mwanzoni vyote vinafanya kazi! Uchovu unapungua, upweke unasahaulika, siku moja hata kodi inalipwa. Kisha vinaanza kutaga. Baada ya muda unaona vile vitu vya asili, vilivyokuwa vikiimba rohoni mwako, vimenyamaza. Sala imenyamaza. Furaha ya kucheka na wenzako jumuiyani imenyamaza. Hamu ya kusoma imenyamaza. Mgeni amekula mayai yote.

Na hapa "kesho" inapata maana yake kamili. Kunguru wawili ungewashughulikia kwa siku moja. Kunguru milioni, huo ni mradi wa taifa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini kuna jambo moja la kutia moyo. Kunguru huyu wa mjini hawezi kuishi mbali na binadamu. Hutamkuta porini anajitegemea. Anafuata makazi yetu, masoko yetu na majalala yetu. Ndiyo maana wanaojua kazi hii wanasema mitego na sumu peke yake haitoshi: taka zikibaki wazi, watakaobaki watakula, watazaliana, watarudi kujaa. Funika taka, nao wanapungua.

Kanisa limetufundisha hilo tangu zamani kwa lugha ya kukimbia nafasi za dhambi. Katika sala ya kutubu tunaahidi jambo hilo, halafu tukitoka kwenye kiti cha maungamo tunarudi na jalala letu lile lile. Umetubu kubeti, lakini programu bado iko kwenye simu na ujumbe wa "bonasi" unaingia kila Jumamosi. Umetubu picha chafu, lakini simu bado inalala mtoni mwa kitanda chako hadi saa nane za usiku. Huko ni kufukuza kunguru kwa kupiga makofi huku umeacha utumbo wa samaki uani. Watakaa kwenye mti wa jirani wakisubiri uingie ndani. Wana akili, tumeshaona.

Kunguru wa Nuhu

Baada ya gharika Nuhu alifungua dirisha la safina akamtoa kunguru kabla ya njiwa. Njiwa alipokosa pa kutua, alirudi, na Nuhu akanyoosha mkono akamwingiza ndani. Kunguru yeye alikwenda huku na huku mpaka maji yakakauka (Mwa 8:7-9).

Huku na huku. Mababa wengi wa Kanisa walimwona kunguru huyu kama mfano wa mtu anayetoka katika Kanisa asirudi. Mimi ile "huku na huku" inanigusa zaidi, kwa sababu ni picha ya kijana wa leo. Hajatua, hajarudi. Si kwamba ameacha dini. Krismasi utamwona, tena amependeza. Si kwamba ameishika. Mungu yuko kwenye wasifu wake wa mtandaoni tu. Anazunguka juu ya maji. Na maji yale yalikuwa na mizoga, kwa hiyo inawezekana kabisa hakuwa na njaa. Huo ndio mtego: unaweza kuwa mbali na safina na ukashiba.

Njiwa alirudi kwa sababu alichoka, akataka pa kuweka mguu. Kijana uliyechoka, usione aibu kwa uchovu wako. Huenda ndio neema yako. Dirisha liko wazi, na mkono wa Nuhu uko nje.

Je, kunguru anaweza kubadilika?

Kuna anayesoma hapa akijisemea, "Frateri, mimi nimeshajaribu. Nimeungama jambo hili hili mara kumi. Nadhani ndivyo nilivyoumbwa."

Wanaosoma falsafa hukutana na kunguru mapema. Porfiri, mwanafalsafa wa karne ya 3, aliandika kitabu kidogo cha utangulizi wa mantiki. Hakuwa rafiki wa Wakristo hata kidogo, lakini kitabu chake kilifundishwa katika shule za Kanisa kwa karne nyingi. Humo anatofautisha kitu kilivyo katika asili yake na sifa zinazokishikamania. Mfano wake mmoja ni kunguru. Weusi wa kunguru, anasema, ni sifa isiyobanduka kwake. Hata hivyo unaweza kumfikiria kunguru mweupe, na atabaki kuwa kunguru. Kwa hiyo weusi umemshikamania, lakini weusi sio ukunguru wake.

(Porfiri angetembea huku kwetu angekutana na kunguru wenye kifua cheupe kabisa, na kazi ya kufikiria ingekuwa rahisi zaidi!)

Rangi ya ndege haina kosa lolote, tuelewane. Nachukua mantiki tu. Kama hata sifa isiyobanduka inaweza kutofautishwa na asili ya kitu, itakuwaje kwa tabia uliyoanza ukiwa kidato cha tatu? Haukuzaliwa nayo. Imekushikamania, ndiyo. Imekaa miaka, ndiyo. Lakini asili yako ni nyingine: umeumbwa kwa mfano wa Mungu, na kwa ubatizo umefanywa mwana wake. Unaposema "ndivyo nilivyo" unaipa dhambi cheo ambacho haina. Sema "hivi ndivyo ninavyofanya". Hapo kazi inaweza kuanza.

Na ile mara kumi ya kuungama jambo moja, usiihesabu kama kushindwa mara kumi. Ni kurudi dirishani mara kumi.

Kunguru wa Eliya

Sasa tufike kwa kunguru ninayempenda. Kulikuwa na ukame katika Israeli. Nabii Eliya amemwambia mfalme Ahabu kwamba mvua haitanyesha, na Mungu akamtuma ajifiche kwenye kijito cha Kerithi. Huko Mungu akawaamuru kunguru wamlishe. Wakamletea mkate na nyama asubuhi, mkate na nyama jioni, na maji akanywa kijitoni (1 Fal 17:2-6).

Mungu ana ndege wangapi? Angeweza kumtuma njiwa, ndege wa sadaka, ndege safi. Akamtuma yule wa kwenye orodha mbaya. Tena akamtuma na nyama! Ukitaka kumjaribu kunguru, mpe nyama akuchukulie. Ndege huyu kwa tabia yake hufukia chakula cha ziada, akafunika na majani, arudi kula baadaye. Leo anakiweka miguuni pa nabii.

Ndipo maneno ya Bwana katika Luka 12 yanapoeleweka. Anasema kunguru hana ghala wala stoo, na Mungu anamlisha. Mtu aliyesoma sayansi atauliza: si tumesema anafukia chakula? Anafukia, ndiyo, lakini vijipande chini ya majani si ghala, na wenzake wanaviiba sana. Kesho asubuhi lazima atoke tena. Angalia pia Yesu amesema hayo baada ya kusimulia nini. Ametoka kusimulia habari ya tajiri aliyepanga kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi, aijambie nafsi yake kwamba ina mali ya miaka mingi. Usiku ule ule akafa (Lk 12:16-21). Tajiri alikuwa na ghala na hakuwa na kesho. Kunguru hana ghala, na asubuhi Mungu yuko naye.

Hivyo ndege yule yule amebeba nyimbo mbili. Kwa sikio la Kilatini anasema kesho. Kwa Eliya hakusema kesho hata siku moja. Alileta mkate wa asubuhi asubuhi, na mkate wa jioni jioni. Angeahirisha, nabii angelala njaa.

Na wewe je, kuna nani anayelala njaa kwa sababu ya kesho yako? Mtoto wako anayekua akiona baba na mama hawakomuniki? Mdogo wako anayekufuata kwenye kubeti? Mzazi anayeangalia simu isiyolia? Tunadhani kuahirisha kunatuumiza wenyewe tu. Kumbe kuna mtu kijitoni anasubiri mkate.

Luka anaipenda sana "leo". Malaika anawaambia wachungaji kwamba Mwokozi amezaliwa leo. Yesu kule Nazareti anasema Andiko limetimia leo. Anamwambia Zakayo ashuke upesi, kwa kuwa leo atakaa nyumbani kwake. Na juu ya msalaba, mwizi anaomba akumbukwe siku Yesu atakapoingia katika ufalme wake, siku isiyojulikana huko mbele. Yesu anamjibu: leo. Mwizi aliomba ya baadaye, akapewa ya siku ile ile. Mungu wetu ana haraka ya kusamehe kuliko sisi tulivyo na haraka ya kuomba.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tusichanganye mambo. Kuna kusubiri kwema. Anayetambua wito wake, anayechunguza kama huyu ndiye mwenzi wa ndoa, anayetafuta ushauri kabla ya uamuzi mkubwa, huyo hasemi cras. Aristotle alikumbusha, na Mtakatifu Thomasi wa Akwino akakubaliana naye, kwamba kushauriana kunataka muda, bali jambo likishaamuliwa litendwe upesi. Jiulize swali moja: bado ninatafuta kujua lililo sahihi, au nimeshajua na ninavuta muda? Kama umeshajua, ushauri umekwisha. Kilichobaki ni miguu.

Pili, chagua jambo moja. Si matano. Kunguru alibeba kipande kimoja kimoja. Kama ni simu ya kumpigia baba, basi ni hiyo. Kama ni kufuta programu ya kubeti, ifute kabla hujafunga ukurasa huu. Kama ni ndoa, nendeni ofisi ya parokia wiki hii mkamwone paroko au katekista, mkaulize tu taratibu. Kuuliza hakuna michango.

Tatu, ungama. Parokia nyingi zina muda wa kitubio Jumamosi. Usipoweza, mwombe padre yeyote, hata wa parokia nyingine. Kama ni aibu inayokuzuia, kumbuka siri ya kitubio haina mlango wa nyuma. Padre anayeivunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo, na adhabu hiyo ni Kiti cha Kitume pekee kinachoiondoa. Hakuna "mtu wa karibu" atakayeambiwa. Na kama hujui uanzie wapi, mwambie hivyo hivyo: "Padre, ni muda mrefu, sijui nianzie wapi." Atakusaidia.

Nne, ukitoka, funika taka. Badilisha mahali simu inapolala. Badilisha njia ya kurudi nyumbani. Mwambie rafiki mmoja unayemwamini, wa VIWAWA au wa jumuiya yako, akuulize kila Jumapili unaendeleaje.

Tusali

Ee Bwana, unayewasikia makinda ya kunguru wanapolia, utusikie na sisi. Tumekujibu kesho mara nyingi, na bado umetuamsha leo. Tupe nguvu ya kufanya jambo moja kabla jua halijazama. Utupokee tunaporudi tumechoka, na ututume asubuhi na jioni kwa wale wanaotusubiri na njaa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Augustino, utuombee. Mtakatifu Expeditus, utuombee.

Haya, simu iko mkononi mwako tayari. Mpigie yule uliyemkumbuka wakati unasoma.